Msemaji Naye Ahudhurie

Mwenyekiti wa kikao, waratibu wa mafunzo haya, nanyi nyote mliokubali kujifungia ndani kutwa nzima ili mjifunze kazi ya kusimama mbele za watu, asanteni kwa kunialika. Ningeweza kusema tu kwamba itifaki imezingatiwa kisha nikaendelea, lakini kwa kuwa leo tunazungumzia woga wa jukwaani, sina budi kukiri kwamba tamko hilo wengi wetu hatulipendi kwa heshima yake peke yake. Tunalipenda pia kwa sababu linatupa sekunde tano za kusema jambo lisilohitaji kufikiriwa, huku moyo ukitafuta pa kukaa. Hata hivi sasa mikono yangu imepoa. Ndiyo maana glasi hii ya maji niliomba ijazwe nusu tu. Nimejifunza kwamba glasi iliyojaa pomoni huwasimulia watu habari zangu kabla sijafungua kinywa.

Nianze na aibu yangu. Miaka mingi iliyopita niliombwa niseme maneno machache ya kumuaga mwenzetu aliyekuwa anastaafu, mtunza ghala tuliyekuwa tumefanya naye kazi kwa muda mrefu. Niliandika kurasa nne. Nilizikariri usiku na mchana, nikazisema mbele ya kioo, nikazisema nikioga, hata ilipofika siku ya shughuli nilikuwa na hakika kwamba hakuna neno litakaloniponyoka. Nikasimama, nikaanza vizuri, na katikati ya ukurasa wa pili nikaruka mstari mmoja. Mmoja tu. Lakini mtu aliyekariri ni kama anayeshuka ngazi gizani kwa kuhesabu vidato: akikosea hesabu mara moja, hajui tena mguu aukanyagishe wapi. Nikayatazama makaratasi, nikakuta herufi zinacheza, kwa sababu karatasi nyepesi huuchukua mtetemo mdogo wa vidole na kuukuza mpaka aliyeketi nyuma kabisa akauona. Ukumbi ukanyamaza, ule unyamavu wa watu wanaomwonea mtu huruma, ambao kwa maoni yangu ni mzito kuliko kuzomewa.

Hapo mama mmoja wa makamo, aliyekuwa ameketi mstari wa mbele, akaniambia bila kupaza sauti: "Mwanangu, tuambie tu alivyokuwa."

Nikayaweka makaratasi mezani. Nikamtazama yule mama, nikamweleza kwamba mzee wetu hakuwahi kumpa mtu kitu pale ghalani akiwa amesimama. Hata ukienda kuomba kalamu moja, alikukalisha kwanza kwenye kile kiti chake chenye mguu mmoja mfupi, akakuuliza habari za nyumbani, ndipo akainuka kuifuata kalamu. Kabla sijamaliza, watu walikuwa wanacheka, kwa maana hapakuwa na mtu mle ndani ambaye hakuwahi kuyumba juu ya kiti kile. Nilizungumza dakika tatu zaidi, labda nne. Sikumbuki kama magoti yaliacha kutetemeka. Ninachokumbuka ni kwamba sikuwa na habari nayo tena.

Tukio hilo nimelirudia kichwani mara nyingi, na maelezo yanayoniridhisha nimeyakuta ndani ya lugha yetu. Neno "hadhira" lina asili moja na "kuhudhuria", "mahudhurio", "hadharani" na "mhadhara"; mzizi wake wa Kiarabu unabeba maana ya kuwapo mahali. Hadhira, basi, ni watu waliopo. Wako wanaolihusisha na "hadhari", lakini maneno hayo mawili yamekaribiana kwa sauti tu na hayana undugu, ingawa ukimwangalia msemaji aliyeingiwa na hofu utadhani kweli kaambiwa ajihadhari na watu. Siku ile kila mtu ukumbini alikuwa amehudhuria isipokuwa mimi. Mwili wangu ulikuwa jukwaani, ila mawazo yalikuwa magotini, kooni, kwenye mstari nilioruka, na kwenye picha ya kesho yake watu wakinisimulia. Mama yule aliita jina langu kwenye daftari la mahudhurio, nami nikaitika.

Hilo ndilo ninalotaka kuwashawishi nalo. Tumezoea kufundisha mambo haya kama masomo mawili, kwanza namna ya kuondoa woga, kisha namna ya kuwateka wasikilizaji, na kila somo likapewa mbinu zake. Mimi naona ni jambo moja. Msemaji anayejitazama mwenyewe ataogopa, na kwa kuwa anajitazama mwenyewe, hataweza kuwaona waliokuja kumsikiliza. Akigeuza macho na kuwatazama wao kwa dhati, hofu hubaki mwilini bila mtu wa kuihudumia.

Nimesema hubaki mwilini, kwa kuwa sipendi kuwadanganya. Ubongo unapohisi hatari, tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo humwaga adrenalini kwenye damu. Moyo huongeza kasi na pumzi hufupika, kisha damu hupunguzwa tumboni na kwenye ngozi ili misuli mikubwa ipate zaidi, ndipo vidole vinapopoa na tumbo linaposokota. Mate hukauka, kwa sababu mwili unaojiandaa kukimbia hauna haja ya kusaga chakula. Misuli nayo, iliyopewa nguvu za kukimbia kisha ikaamriwa isimame nyuma ya meza, haina pa kuzipeleka nguvu hizo, hivyo hutetemeka. Katika hayo yote hakuna dalili ya ujinga wala ya kukosa kipaji. Ni mwili wa kiumbe aliyekodolewa macho na watu wengi kwa wakati mmoja, jambo ambalo mwili huliona zito, na sidhani kama umekosea sana. Kwa baadhi ya watu hali hiyo huvuka mpaka, wakaacha shule, kazi, au hata sherehe za ndugu zao ili tu wasitazamwe. Hao wanahitaji mtaalamu wa afya ya akili, ambaye anaweza kuwasaidia sana, na si vyema tuwadhanie kwamba wamekosa mazoezi.

Kwa wengi wetu, mapigo ya moyo hufika kileleni karibu na dakika ya kwanza ya kuzungumza, kisha huanza kushuka yenyewe. Mtu akilijua hilo ataelewa kwa nini ninashikilia kwamba kitu pekee kinachostahili kukaririwa neno kwa neno ni sentensi tatu au nne za mwanzo. Hizo zikae ulimini kama jina lako, kwa sababu utazisema wakati akili haijatua bado. Mengine uyajue kwa mpangilio wake tu, yaani unatoka wapi, unapitia wapi na unafika wapi, na mpangilio huo uuandike kwa herufi kubwa kwenye kipande cha karatasi ngumu ambacho hakitatetemeka mkononi.

Kuhusu pumzi, mtu anayemwambia mwenye hofu avute pumzi ndefu amempa nusu ya ushauri, tena ile nusu isiyo na faida kubwa. Tunapovuta pumzi moyo huongeza kasi kidogo, na tunapoitoa hupungua. Kwa hiyo kinachosaidia ni kuitoa polepole kuliko ulivyoivuta: ivute kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya saba au nane, mara tano au sita, ukiwa bado umekaa kwenye kiti chako unangoja kuitwa. Hakuna atakayejua unafanya nini.

Lipo pia neno "tulia", ambalo marafiki hulitumia kwa nia njema na ambalo sijaona likimtuliza mtu. Mwaka 2014 mtafiti Alison Wood Brooks wa Harvard alichapisha majaribio ambamo watu waliokuwa wakikaribia jambo la kutia hofu, ikiwemo kutoa hotuba, walielekezwa wajiambie kwamba wamesisimka. Walifanya vizuri kuliko wale walioelekezwa wajiambie kwamba wametulia. Ukifikiri, si ajabu. Hofu inakwenda mbio na utulivu umesimama, hivyo kutoka huku hadi kule ni kuusimamisha moyo kwa nguvu. Lakini hamu nayo inakwenda mbio kama hofu, na kinachobadilika ni jina tu. Mimi hujiambia "nina hamu nao", na faida ya ziada ninayoipata ni lile "nao", ambalo tayari linanitoa kwangu na kunipeleka kwa watu.

Utafiti mwingine ninaoupenda ni wa Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich, uliochapishwa mwaka 2003. Kabla ya kuzungumza, baadhi ya wasemaji waliambiwa kwamba hofu yao haionekani nje kwa kiasi wanachodhani. Hawakupewa mazoezi wala dawa, walipewa taarifa hiyo tu, na hotuba zao zikawa bora kwa tathmini yao wenyewe na kwa tathmini ya waliowatazama. Sisi tunausikia moyo wetu ukidunda masikioni tukadhani ukumbi mzima unausikia, ilhali msikilizaji yuko nje ya kifua chetu na anaona kidogo sana. Kwa hiyo nawasihi msianze kwa kuomba radhi kwamba mna woga au kwamba hamkupata muda wa kujiandaa. Mnampa msikilizaji kazi ya kutafuta kasoro ambazo asingeziona. Mtaniuliza mbona mimi nimetaja mikono yangu mwanzoni. Nimeitaja kwa kuwa woga ndio mada. Ningekuwa nimekuja kuwasomea bajeti, mngeishia kuona mtu mwenye mikono mfukoni.

Hapa niseme jambo dogo kuhusu sisi wakufunzi. Tuna takwimu mbili tunazozipenda mno, nami naomba mkizisikia mzitilie shaka. Ya kwanza ni kwamba watu huogopa kuhutubia kuliko kufa, dai lililotokana na kura ya maoni ya mwaka 1973 nchini Marekani, ambamo waliotaja hofu ya kusema mbele ya kundi walikuwa wengi kuliko waliotaja kifo. Lakini kutajwa na watu wengi si sawa na kuogopwa zaidi. Watafiti waliolirudia swali hilo kwa wanafunzi mwaka 2012 walikuta kwamba kuhutubia bado kunatajwa na wengi, ila walipotakiwa kuchagua hofu moja iliyo kuu, kifo kiliongoza. Ya pili ni ile asilimia 93 ya mawasiliano inayodaiwa kuwa haimo katika maneno, bali katika sauti na sura. Albert Mehrabian, ambaye majaribio yake ya mwaka 1967 ndiyo chimbuko la hesabu hiyo, alikuwa akichunguza jinsi tunavyotambua hisia pale neno na sauti vinapopingana, na mwenyewe amesema haihusu mazungumzo yote. Ingekuwa kweli, tungemsikiliza mtu kwa lugha tusiyoijua tukaelewa karibu kila kitu.

Turudi kwenye kuhudhuria. Mohandas Gandhi, alipokuwa wakili kijana aliyetoka masomoni London, alipewa kesi yake ya kwanza katika mahakama ndogo mjini Bombay kwa ada ya rupia 30. Ilipofika zamu yake ya kumhoji shahidi, alisimama, kichwa kikamzunguka, akaona kana kwamba mahakama nzima inazunguka naye, na hakupata swali hata moja la kuuliza. Akaketi, akarudisha kesi ili apewe wakili mwingine. Nawakumbusha habari hii kwa sababu ya aliyoyaandika mwenyewe baadaye, kwamba haya yake ya kusema ilimfundisha kutumia maneno machache na kulipima neno kabla ya kulitoa. Hakugeuka kuwa mtu mwenye sauti ya radi. Alibaki na sauti yake ya chini, ila alipata la kuwaambia watu, na watu aliotaka kuwaambia.

Mfano wa pili ni wa tarehe 28 Agosti 1963 jijini Washington, mbele ya watu wapatao 250,000. Martin Luther King alikuwa anaelekea mwisho wa hotuba iliyoandikwa, na waliokuwa karibu naye wamesimulia kwamba mwimbaji Mahalia Jackson, ambaye alikuwa ameimba mapema siku hiyo, alimpazia sauti kutoka nyuma yake akimtaka awaambie watu ile ndoto. King akayaacha maandishi, akawatazama watu, na yaliyofuata yanajulikana. Wengi hulichukua tukio hilo kuwa ushahidi kwamba maandalizi hayana maana na kwamba msemaji wa kweli husema lolote linalomjia. Nawapinga. Maneno kuhusu ndoto hayakuzaliwa siku ile. Alikuwa ameyatumia Detroit mwezi Juni mwaka huohuo, na kwingineko kabla ya hapo. Kilichomwezesha kuyaacha makaratasi ni kwamba alikuwa na kitu alichokizoea kiasi cha kuweza kukisema huku akiwaangalia watu. Maandalizi, kwa mtazamo wangu, kazi yake ndiyo hiyo: kukupunguzia shughuli ya kukumbuka ili upate nafasi ya kuona.

Kuona kwenyewe kunahitaji maelezo, maana ndiko tunakofundishwa vibaya. Tunaambiwa tutazame ukuta wa nyuma, au tutazame paji la uso la mtu tukwepe macho yake, au tuwafikirie wasikilizaji wakiwa hawana nguo, ushauri ambao sijui nani aliutunga na alikuwa na shida gani. Hizo zote ni njia za kutohudhuria. Fanyeni hivi: mchagueni mtu mmoja, mpelekeeni yeye wazo moja, mkae naye mpaka sentensi ifike kwenye nukta, kisha mhamie kwa mwingine wa upande wa pili na wazo jingine. Wale walioketi jirani naye watahisi mmewatazama wao. Mtaanza pia kuona vitu: yule aliyekunja uso kwa kuwa hakuelewa, yule aliyetikisa kichwa, yule ambaye kalamu yake imesimama hewani akingoja mfano. Ukiviona vitu hivyo unapata kazi ya kufanya, kwa maana aliyekunja uso anahitaji uliseme jambo kwa njia nyingine. Na mtu mwenye kazi mkononi hana nafasi kubwa ya kuhesabu mapigo ya moyo wake. Ndiyo sababu inafaa kufika mapema na kusalimiana na watu watatu wanne mlangoni, kuwauliza walikotoka na kilichowaleta. Utakapopanda jukwaani, umati utakuwa na nyuso ambazo tayari umezungumza nazo.

Na wapeni kitu cha kushika. Kwenye zile kurasa zangu nne nilikuwa nimemwita mzee wetu mchapakazi, mwadilifu na mfano wa kuigwa. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyefuta chozi, kwa kuwa maneno hayo yangemfaa mstaafu yeyote. Kiti chenye mguu mmoja mfupi kilimfaa yeye tu. Sijawahi kuona hadhira ikiungana na sifa; huungana na kiti.

Mnaniangalia kama watu wenye swali moja, nami nalijua: ikitokea nimesahau kabisa, nifanye nini? Kuna methali isemayo heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, nayo imewafunga midomo watu wengi wasiostahili kufungwa. Methali hiyo inamwonya msengenyaji na mtukanaji. Haimhusu mtu aliyepotewa na neno mbele ya wenzake. Mwaka 1904 Winston Churchill, akiwa na miaka 29 na mbunge tayari, alipotewa na hotuba aliyokuwa ameikariri katika Bunge la Uingereza, akatafuta neno lililofuata asilipate, akaketi bila kumaliza. Tangu hapo hakuwa akiutegemea tena ukariri mtupu. Alikwenda na maandishi mkononi. Nanyi mkipotewa, nyamazeni. Kunyweni maji. Rudieni sentensi ya mwisho mliyoisema, kwa kuwa mara nyingi inayofuata imejificha nyuma yake. Ikikataa, waulizeni watu mlikuwa mmefikia wapi. Nimefanya hivyo mara mbili maishani, na mara zote mbili walijibu watu watano kwa pamoja, wakageuka kunisaidia kama wanaomsukuma mtu mwenye gari lililozimika.

Nimeshazungumza kupita kiasi kwa mtu aliyekuja kufundisha kutazama wengine. Sasa kila mmoja wenu atasimama hapa kwa dakika mbili na kutusimulia habari za mtu aliyemfundisha kazi. Karatasi ziacheni kwenye viti. Wanaosikiliza, naomba kalamu chini na simu zizimwe, ili atakayesimama asikose macho ya kuyatazama. Mimi nitakwenda kukaa pale mstari wa mbele. Tuanze na wewe ndugu yangu uliye karibu na mlango, ambaye tangu nilipotaja kusimama umeinamia daftari. Karibu, njoo utuambie alivyokuwa.